Kiwiko cha Bandia Katika Nyumba ya Mkulima

Mtu anayeishi kwa mikono yake, kama waishivyo wakulima wengi wa Ilemba, tangu majaruba ya mpunga ya bonde la Ziwa Rukwa hata mashamba ya ufuta yaliyo chini ya genge la Lyamba lya Mfipa, hakifikirii kiwiko chake maadamu ni kizima. Hukikumbuka siku kinapokataa kukunjwa, akashindwa kufikisha tonge kinywani, kunawa uso na kujifunga nguo, na usiku ukawa mrefu kwa adha ya maumivu. Nakusudia katika makala hii kusema na mtu huyo, pamoja na jamaa zake, juu ya jambo ambalo pengine amelisikia kwa mara ya kwanza kinywani mwa daktari wa hospitali ya rufaa: ya kwamba kiwiko kilichoharibiwa na baridi yabisi chaweza kuondolewa, na mahali pake pakatiwa kiungo cha madini na plastiki. Habari hiyo ni ya kweli, na faraja iliyomo ni kubwa. Lakini watu aghalabu huupima upasuaji kwa siku ya kutolewa nyuzi, ilhali kiwiko cha bandia hupimwa kwa hali yake baada ya miaka kumi, kumi na tano na ishirini; na hali hiyo, kwa kadiri nionavyo mimi, huamuliwa nyumbani kwa mgonjwa, katika kugawana kazi za kila siku, kama vile inavyoamuliwa mezani kwa mpasuaji.

Baridi yabisi ninayoisema si kila maumivu ya viungo yampatayo mtu mzima baada ya msimu wa kulima. Ni maradhi ambayo kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu, hugeuka ikaushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo. Utando ukavimba, ukanenepa, ukala gegedu linalofunika ncha za mifupa, kisha ukala na mifupa yenyewe pamoja na kano zinazoishikamanisha. Huwapata wanawake mara mbili hata tatu zaidi ya wanaume, na desturi yake ni kuanzia katika vidole na vifundo vya mikono, upande wa kulia sawa na wa kushoto, pamoja na ukakamavu wa asubuhi unaodumu saa nzima au zaidi. Kiwiko aghalabu hufuata baadaye, nacho huanza kwa kushindwa kunyooka sawasawa, jambo ambalo mgonjwa huweza kulipuuza kwa muda mrefu. Upepo wa baridi upitao Sumbawanga mwezi wa Juni na Julai, juu ya uwanda ulioinuka mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, waweza kuyazidisha maumivu, wala si asili ya maradhi. Nayo huwapata vilevile watu wa bondeni, ambako joto ni jingi. Kadhalika si kazi ya adui aliyemtupia mtu kitu. Nasema hivyo bila ya kumdharau yeyote, kwa kuwa mtu anayeteseka hutafuta sababu popote anapoweza kuipata. Ila nasikitika sana nionapo miaka miwili mitatu ya kwanza, iliyo azizi kuliko yote, ikipotea katika kumtafuta mchawi, hali ni katika miaka hiyo hasa dawa zinapoweza kuuokoa mfupa.

Dawa iliyo nguzo ya tiba hii ni methotrekseti, ambayo tangu miaka ya 1980 imeenea kutumiwa kwa kipimo kidogo ili kuituliza kinga iliyoasi. Pamoja nayo zipo sulfasalazini na hidroksiklorokwini, ambazo ni nyepesi zaidi. Methotrekseti humezwa mara moja tu kwa juma, katika siku moja iliyochaguliwa, na nataka msomaji alishike neno hilo kwa mikono miwili, kwa sababu kuimeza kila siku kwa kughafilika kumewaua watu katika nchi nyingi. Anayeitumia hupewa pia vidonge vya foliki asidi, hupimwa damu na ini kila baada ya muda, na hujiepusha na pombe, ikiwamo ile ya ulezi. Na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa sharti ajikinge na mimba, maana dawa hii humdhuru mtoto aliye tumboni. Zaidi ya hizo kuna prednisoloni, inayopunguza uvimbe kwa upesi wa ajabu, na upesi huo ndio uliowaponza wengi: huinunua dukani bila ya cheti cha daktari, wakaimeza miaka, mifupa ikadhoofu, sukari ikapanda, vidonda vikawa haviponi. Mwenye mfupa uliodhoofika namna hiyo ndiye atakayepata shida zaidi siku ile kiungo cha bandia kitakapotafuta mahali pa kushika.

Sikuziweka dawa mbele ya upasuaji kwa bahati. Katika nchi za Ulaya ya kaskazini, ambako daftari za viungo vya bandia zimetunzwa kwa miongo ya miaka, viwiko vinavyobadilishwa kwa ajili ya baridi yabisi vimepungua mno tangu matabibu waanze kutoa dawa mapema na bila ya kusitasita. Kiwiko kinachotibiwa mapema aghalabu hakifiki kwenye kisu. Kwa hiyo mtu wa Ilemba ambaye viungo vyake vimevimba kwa zaidi ya majuma sita asikae kungoja mavuno yaishe. Aanzie kituo cha afya, aombe rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga, au aende katika hospitali iliyomo mjini humo humo yenye jina la Dr. Atiman, kwa kumbukumbu ya Adrien Atiman, yule mtumwa aliyekombolewa akasomeshwa utabibu, akawahudumia watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Na kama kiwiko kilichovimba ni kimoja peke yake, viungo vingine vikiwa salama, daktari aulizwe waziwazi juu ya kifua kikuu, kwa sababu kifua kikuu hakikai mapafuni tu bali huingia hata katika viungo, na kutia kiungo cha bandia penye kifua kikuu kisichotibiwa ni kuleta msiba juu ya ugonjwa.

Tuseme sasa kwamba mambo yamekwisha kuharibika, picha za eksirei zaonyesha gegedu limekwisha, na maumivu hayasikii dawa. Hata hapo ziko hatua kabla ya kubadili kiungo. Ipo sindano ya ndani ya kiwiko, ambayo hutuliza kwa miezi. Na upo upasuaji mdogo zaidi, wa kuondoa ule utando ulionenepa, pengine pamoja na kichwa cha mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Upasuaji huo hufaa pale gegedu lingali limebaki kwa kiasi, hupunguza maumivu kwa miaka kadhaa, wala haumfungi mgonjwa kwa masharti mazito ya kazi. Kijana mkulima ningemshauri auulizie huo kwanza.

Kubadili kiwiko chenyewe ni kukata ncha zilizoharibika za mfupa wa mkono wa juu na wa kigasha, kisha kutia ndani ya kila mfupa shina la madini linaloshikizwa kwa saruji ya mifupa, na mashina hayo mawili yakakutana penye bawaba yenye vipande vya plastiki ngumu. Wazo hilo si jipya, na historia yake ina funzo kwa mtu wa jembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Roger Dee, mpasuaji wa London, na wenziwe wa zama zile, walitia bawaba kamili, zilizokunja na kukunjua tu bila ya kuyumba hata kidogo. Wagonjwa walifurahi mwanzoni. Lakini kiwiko cha binadamu, kila mkono unapogeuka na kila unapoinua kitu, husokotwa kidogo, na msokoto ule, kwa kuwa bawaba haikuukubali, uliteremka wote mpaka pale saruji inapokutana na mfupa. Na kama jembe linalogonga mawe kila siku likaanza kucheza katika mpini wake, ndivyo viungo vile vilivyolegea ndani ya mifupa baada ya miaka michache. Ndipo Ralph Coonrad wa North Carolina, na baadaye Bernard Morrey wa Mayo Clinic mjini Rochester, Marekani, walipofikilia bawaba iliyolegezwa kwa makusudi, yenye kuyumba nyuzi chache upande huu na huu, ili kano na misuli ya mgonjwa ipokee sehemu ya mzigo. Wengine, kama Souter huko Edinburgh na Kudo huko Japani, walichagua vipande viwili visivyofungamana, vinavyotegemea kano za mwenyewe kushikamana. Hivyo navyo vimewafaa wengi, ila mahali ambapo maradhi yamekwisha kuzila kano na mifupa vyaweza kuteguka, na kwa wagonjwa wa namna hiyo matabibu wengi huelekea kwenye bawaba iliyolegezwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambazo mgonjwa ana haki ya kuzijua kabla ya kutia sahihi ya idhini. Mwaka 2016 matabibu wa Mayo Clinic walitangaza habari za viwiko 461 vya wagonjwa wa baridi yabisi, vilivyotiwa bawaba ya Coonrad na Morrey baina ya mwaka 1982 na 2006. Katika kila viwiko mia, 92 vilikuwa bado mahali pake miaka 10 baadaye bila ya kuhitaji kutolewa wala kubadilishwa. Baada ya miaka 15 vilikuwa 83. Na baada ya miaka 20 vilikuwa 68. Daftari la taifa la Finland, lililokusanya viwiko zaidi ya 1,400 vya wagonjwa wa maradhi haya haya kutoka hospitali za kila namna, lilionyesha 83 kwa mia baada ya miaka 10, na likaonyesha pia kwamba viwiko vilivyotiwa katika hospitali iliyobobea katika kazi hii vilidumu zaidi. Tofauti ya hesabu hizo mbili si ndogo, nami naichukua kuwa shauri: kubadili kiwiko ni kazi adimu duniani kote, kiasi kwamba katika nchi ambamo magoti makumi ya maelfu hubadilishwa kwa mwaka viwiko huwa mia chache tu, na mgonjwa asione haya kumwuliza mpasuaji wake, kwa adabu, ni viwiko vingapi apatavyo kuvitia kwa mwaka, na ni nani aliye karibu mwenye kuvitia vingi zaidi.

Hesabu hizo zisomwe kwa umri wa mtu. Bibi wa miaka 68 ambaye kiwiko chake kitadumu miaka 15 amepata tiba ya kumtosha maisha yake. Mama wa miaka 38 akipewa miaka hiyo hiyo 15, atakuwa na miaka 53 siku ya kurudi mezani, akiwa na mfupa mchache zaidi na upasuaji mgumu zaidi mbele yake. Tena zisomwe kwa maana yake halisi. Kiwiko kinachohesabiwa kuwa kingali mahali pake hakikosi dosari: miongoni mwa vilivyosalia katika vile 461, karibu robo vilionekana katika picha kuwa na plastiki iliyolika. Jambo linalopatikana kwa yakini zaidi ni kupungua kwa maumivu, ambako walio wengi mno hukupata, tena kukadumu. Mwendo wa mkono hurudi kwa kadiri ya haja: mara nyingi mkono haunyooki kabisa, ila hukunjika vya kutosha kufikisha tonge kinywani, kuchana nywele na kushika simu sikioni. Nguvu za kusukuma hazirudi zote, kwa sababu njia ya kukifikia kiwiko hupita kando ya msuli mkubwa wa nyuma ya mkono au huubandua, na msuli huo huchukua muda kushika tena. Wengine hubaki na udhaifu wake. Mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko waweza kuumizwa, kidole cha mwisho na jirani yake vikafa ganzi, aghalabu kwa muda, mara nyingine moja kwa moja. Na usaha wa ndani, ulio hatari kuliko yote, uliingia katika viwiko kama viwili kwa kila mia huko Rochester, na mahali pengine zaidi ya hapo, kwa kuwa ngozi ya kiwiko ni nyembamba na kinga ya wagonjwa hawa huwa imetulizwa na dawa.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Wagonjwa waliohesabiwa Rochester waliambiwa kwamba kwa maisha yao yote wasiinue kwa mkono ule kitu kinachozidi kilo 5 mara moja, wala kitu kinachozidi kilo 1 mara kwa mara. Nao waliishi katika nyumba ambamo maji hutoka ukutani. Masharti hayo tuyalete Ilemba, tuyapime kwa vitu vya hapa. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 na zaidi, na anayejitwika huiinua kwa mikono miwili mpaka juu ya utosi. Jembe la mkono si zito sana, lakini mshindo wake unapopiga ardhi ngumu ya Novemba kabla ya mvua kushika hupanda mpaka kiwikoni, tena mara mamia kwa asubuhi moja. Mchi katika kinu, shoka katika kuni, kupura mpunga kwa kuubamiza, kusonga ugali wa watu kumi katika sufuria kubwa: yote hayo yamepita mpaka. Mtoto wa miezi mitano amekwisha kuzidi kilo 5, na bibi hatamnyanyua kwa mkono huo mjukuu anayemlilia. Hata kuinuka kutoka mkekani kwa kujisukuma na kiganja ni kazi ya kiwiko na ya msuli ule uliobanduliwa. Bodaboda nayo, katika njia za kupanda na kuteremka genge, ina hatari ya namna yake, kwa maana anayeanguka juu ya kiwiko cha bandia huvunja mfupa pale ncha ya shina inapoishia, na mvunjiko huo ni mgumu kuunga.

Kwa ajili hiyo nasema kwamba idhini ya upasuaji huu ingetolewa kwanza katika kikao cha nyumba. Wakae mume na mke, watoto wakubwa, wifi na shemeji walio karibu, mama mkwe ikiwa yupo, na mgonjwa aseme mwenyewe kazi zote alizozifanya tangu alfajiri mpaka kulala. Kila moja itajwe itashikwa na nani, si kwa miezi mitatu ya kupona, bali daima. Mume ajue kwamba maji sasa ni kazi yake au ya mwenye mkokoteni atakayelipwa, na aone fahari katika hilo mbele ya wanaume wenziwe kisimani. Watoto wasiachishwe shule kwa sababu hiyo; afadhali nyumba ipunguze ekari moja ya mpunga kuliko kumkalisha binti nyumbani ashike mchi wa mama yake. Mgonjwa naye apewe kazi zenye maana, maana mtu aliyezoea kulisha nyumba, akiambiwa akae tu, huona amekufa akiwa hai, na siku moja mtamkuta shambani ameshika jembe kwa ajili ya kulinda heshima yake. Ziko kazi nyepesi zenye kipato: kuchagua mbegu, kusimamia mizani wakati wanunuzi wa ufuta wanapokuja, kutunza hesabu za kikundi cha akiba, kuuza duka, kulea miche. Jiko liinuliwe kwa matofali lifike kimo cha kiuno, sufuria kubwa igawanywe mbili ndogo, maji ya kupikia yatiwe katika madumu ya lita 3, na pawepo kigoda kirefu cha kukalia badala ya mkeka, ili miguu ndiyo ifanye kazi ya kuinuka. Wanaume waliougua wasidhani kwamba haya ni ya wanawake peke yao. Mwanamume anayepasua kuni kwa kiwiko cha bandia hukilegeza upesi kuliko mke wake anayesonga ugali.

Na kama kikao kikionekana hakina watu, kwa mfano mjane wa miaka arobaini mwenye watoto wadogo, asiye na wa kumsaidia, ambaye sote twajua atarudi kwenye jembe kabla ya msimu kupita? Huyo ningemshauri, kwa moyo mzito, asifanyiwe sasa. Atumie dawa kwa ukamilifu, aulizie upasuaji wa utando, avae mkanda wa kushikilia kiwiko wakati wa kazi, na aangaliwe kila mwaka. Kiwiko kibovu cha asili chaweza kungoja. Cha bandia kikilegea hula mfupa kila siku inayopita, na mfupa huo haununuliki.

Kwa aliyeamua, yako mambo ya kutengeneza kabla ya safari, ambayo ni ndefu: kutoka Sumbawanga hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 kwa njia ya Tunduma, na hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ni zaidi ya kilomita elfu moja. Nauli ihesabiwe si ya kwenda na kurudi mara moja, bali ya kurudi kuangaliwa mwaka hata mwaka; na habari za bima ziulizwe mapema katika ofisi yenyewe, kwa maandishi, kwamba je, inalipia kiungo au kitanda tu, kwa kuwa wengi hugundua tofauti hiyo wakiwa wamekwisha kufika. Meno mabovu yang'olewe au yazibwe, vidonda vya miguu na funza viponywe, na mkojo upimwe, ili vijidudu visipate njia ya damu kukifikia kiungo kipya. Kama magoti au nyonga navyo vimeharibika, daktari aulizwe kipi kianze, maana anayetembelea magongo huulemea mkono wake kwa uzito wa mwili mzima. Aghalabu miguu hutangulia, mkono ukafuata. Daktari wa usingizi aambiwe kwamba mgonjwa ana baridi yabisi ya miaka mingi, ili shingo ipigwe picha kwanza, kwa sababu maradhi haya huweza kulegeza pingili za juu za shingo, na kuikunja ovyo mtu akiwa usingizini ni hatari. Prednisoloni isikatizwe ghafula hata siku moja. Juu ya methotrekseti na nyinginezo mgonjwa afuate neno la daktari, na asiziache mwenyewe kwa hofu.

Baada ya upasuaji, majuma sita ya kwanza na zaidi kidogo ni ya kuulinda msuli wa nyuma: mkono hukunjwa na kunyooshwa taratibu kama alivyoonyeshwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, lakini hausukumi kitu. Kidonda cha kiwiko hakitiwi majani wala mafuta wala unga wa dawa yoyote isiyotoka hospitali. Kikitoa maji, kikiwa chekundu, au homa ikipanda, mgonjwa apande gari siku ile ile, asingoje gulio la juma lijalo. Usaha uliokamatwa katika siku za mwanzo huweza kuoshwa na kiungo kikasalimika, na uliolala mwezi aghalabu hukiondoa. Amri hiyo haiishi na kupona kwa kidonda, kwa maana jipu la mguuni baada ya miaka minane laweza kupeleka vijidudu kiwikoni, na kila mganga wa zahanati atakayemwona mgonjwa aambiwe mapema kwamba mna madini ndani ya mkono huu.

Iko karatasi moja ambayo naomba isipotee: cheti au kibandiko chenye jina la kiungo kilichotiwa, ukubwa wake, tarehe, na jina la hospitali. Mgonjwa aiombe kabla ya kuruhusiwa kutoka, aitie katika mfuko wa plastiki pamoja na picha za eksirei, na nakala yake aiweke kwa ndugu aishiye mjini, kwa kuwa viungo ni vya aina nyingi, na vipuri vya kimoja havishiki katika kingine. Mpasuaji atakayekuja baada ya miaka kumi na mitano asiyeijua aina yake atalazimika kung'oa vyote. Jirani zetu wa Malawi walianzisha daftari la taifa la viungo vya bandia mwaka 2005, wakiandika nyonga na magoti. Nchi ndogo imeweza, na nasi tungestahili kuwa na letu, viwiko vikiwamo, ili mgonjwa wa Rukwa asitegemee hesabu za Rochester peke yake katika kukata shauri.

Picha ya eksirei ipigwe kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, kwa muda wote wa maisha, hata kama mkono hauumi, kwa sababu kulika kwa plastiki na kulegea kwa shina huanza kimya. Aliyeacha kuangaliwa, akaja mkono umekwisha kuyumba na mfupa umekuwa gamba, hupasuliwa kwa saa nyingi, akatiwa kiungo kirefu zaidi na pengine mfupa wa kupandikiza. Na ikiwa ni usaha uliokataa dawa, kiungo hutolewa kisirudishwe, mkono ukabaki bila ya kiwiko, ukishikiliwa kwa mkanda, ingawa hata hivyo wengi huweza kula na kuvaa wenyewe. Yule aliyeonekana mapema kwamba ni plastiki tu iliyolika, na mashina yangali yameshika, hufunguliwa penye bawaba, vipande vile vikabadilishwa bila ya mfupa kuguswa, naye hurudi nyumbani na kiwiko chake kile kile, na masharti yale yale ya kilo 5.